Mama maandazi kizimbani: kesi ya kuigiza darasani iliyogeuzwa na tone la aidini

Kisa chenyewe ni hiki. Shule ya kata mkoani Tanga, kidato cha tatu, wanafunzi 52, vipindi viwili mfululizo vya kemia siku ya Alhamisi, yaani dakika 80 kama kengele haijachelewa. Mimi ndo mwalimu wao. Nikaamua kwamba vile vipimo walivyosoma tangu fomu wani na fomu tuu, kipimo cha wanga, kutenganisha rangi za wino na kadhalika, safari hii hatuvirudii kwa kunakili ubaoni, tutavirudia mahakamani. Kesi ya kutunga lakini ushahidi wa kweli, umetoka kwenye maabara yetu wenyewe, kuna mawakili wa kuugombania na hakimu wa kuupima. Walimu wenzangu kadhaa wameniomba niwaeleze ilivyokwenda, nikaona niandike kwa urefu, pamoja na pale ilipoharibika, maana hapo ndo darasa lilijifunza kuliko sehemu zote nilizokaa wiki tatu nikizipanga.

Kwa nini mahakama na sio jaribio la kawaida la maabara? Nina sababu ya zamani. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, pesa ya mwenzetu ilipotea, na kabla ya chai ya saa nne mwizi alishapatikana, kwa sababu kitanda chake kilikuwa jirani na wiki hiyo alionekana na kipande kipya cha sabuni. Basi. Hiyo sabuni ndo ilikuwa ushahidi wote. Hakuna aliyeuliza hiyo sabuni ilinunuliwa na nani, hakuna aliyeuliza ni wangapi wengine bwenini wana sabuni kama ile. Muhula uliofuata hakurudi. Mpaka leo nikisikia mtoto anasema "sisi tunamjua aliyechukua" nauliza mnamjuaje, na nataka wanafunzi wangu nao wawe watu wa kuuliza hivyo hivyo.

Sasa kesi. Sikutaka kitu kilichotokea shuleni kweli, hata kidogo, maana ukishatumia simu iliyopotea bwenini umeshamtia mtu matope. Na sikutaka mshtakiwa awe mwanafunzi, kwa sababu mtoto chini ya miaka 18 kesi yake kwa kawaida inakwenda mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, inasikilizwa faraghani, sio mbele ya umati, na nisingependa niwafundishe kinyume chake. Kwa hiyo nikatunga kikoba cha mtaani. Wanachama wanakutana Jumamosi nyumbani kwa mwenyekiti, mfuko wa jamii unawekwa kwenye chupa kubwa ya kioo ndani ya kabati. Jumatatu asubuhi chupa inakutwa tupu, Sh 46,000 hazipo, ndani kuna kikaratasi kimeandikwa "nitarudisha mwisho wa mwezi", kwenye mfuniko kuna vumbi jeupe, na kwenye kioo kuna alama ya kidole gumba. Anayeshukiwa ni mwanachama anayeuza maandazi, kwa sababu vumbi jeupe ni unga na mwenye unga ni yeye. Wengine waliokuwa na nafasi ya kufika kabatini ni mwalimu mstaafu anayefundisha tuisheni, na fundi rangi. Shtaka likasomwa kama linavyosomwa: wizi kinyume na vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu. Tukawa Mahakama ya Wilaya, hakimu mmoja.

Watu 15 walikuwa na kazi, waliobaki wote 37 ni wananchi waliokuja kusikiliza, lakini sikuwaacha wakae tu. Kila mmoja alipewa vikaratasi vitatu. Cha kwanza anaandika baada ya kusomwa shtaka na maelezo ya awali, cha pili upande wa mashtaka ukimaliza, cha tatu mwisho. Anaandika ana hatia au hana, na sababu moja. Bila sababu kikaratasi hakihesabiwi. Naomba yeyote anayejaribu jambo hili asiache hivi vikaratasi, maana ukishasikia hukumu kila mtu atakuambia mi nilijua tangu mwanzo.

Lugha ilikuwa Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mkuu wangu wa idara aliniuliza hilo swali, nikamwambia sheria zilirekebishwa 2021 na Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo mtaalamu akisimama kizimbani ni lazima aeleweke na muuza maandazi mwenyewe. Na niliona kitu ambacho sijawahi kukiona darasani kwangu. Mtoto anayejibu "starch turns blue-black" kwa kukariri, ukimwambia amweleze hakimu kwa Kiswahili ni nini kimegeuka, kimegeuka kwa sababu gani na kinathibitisha nini, anasimama kwanza anafikiri.

Maandalizi ya vifaa hayakunigharimu sana. Aidini (ile dawa ya kahawia inayogeuka bluu-nyeusi ikikutana na wanga) na spiriti duka la dawa, selotepu, brashi laini ya vipodozi, penseli kadhaa ambazo tulizisaga risasi yake kwenye msasa tukapata unga mweusi wa kunyunyizia alama za vidole, karatasi za chujio za maabara, siki. Siki nilinunua nikidhani itatutofautishia chaki na unga, chaki itoe povu. Nikaijaribu mwenyewe jioni, chaki yetu haikutoa povu lolote la maana. Chaki nyingi za siku hizi ni jasi, sio chokaa, na jasi haifanyi kitu na siki. Nikaiondoa. Ukitaka kuleta kipimo mbele ya mahakama, kijaribu kwanza na vitu vyako mwenyewe, usitegemee kitabu peke yake. Wanafunzi wengine walidai tupime DNA, nikawaeleza kwamba vipimo hivyo nchini vina sheria yake, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na vinapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hatuwezi kuvicheza kwenye meza yenye koki mbovu. Wakaelewa.

Basi Alhamisi tukaanza.

Alama ya kidole ilikwenda mwanzo. Mtaalamu wa alama, binti mmoja makini sana, alieleza vizuri alivyopaka unga wa penseli, akabandika selotepu, akahamishia kwenye kadi nyeupe. Kadi ikapokelewa, kielelezo P1, yaani cha kwanza cha upande wa mashtaka. Halafu akasema alama hii ni ya aina ya kitanzi na gumba la mshtakiwa ni kitanzi, kwa hiyo ni ya mshtakiwa. Darasa likashangilia. Wakili wa utetezi akasimama, akaomba ruhusa ya mheshimiwa hakimu, akageukia wananchi: wenye kitanzi kwenye gumba la kulia nyoosheni mikono (tulikuwa tumeshapiga alama zetu wiki iliyotangulia, kila mtu anajua yake). Mikono ikajaa chumba. Kwa dunia nzima vitanzi ni kati ya asilimia 60 na 65 ya alama zote za vidole, zilizobaki ni duara na matao machache. Kusema "ni kitanzi" ni kama kusema mwizi alivaa kandambili.

Yule binti hakuanguka hapo lakini. Akarudi kwenye kadi, akaonyesha kwa ncha ya penseli mstari mmoja unaogawanyika njia mbili karibu na katikati, na mwingine unaokatika ghafla chini yake, akasema haya mawili yapo pia kwenye gumba la mshtakiwa, mahali pale pale. Huo sasa ndo ushahidi wa alama za vidole unavyotakiwa kuwa. Akaulizwa: umeona vituo vingapi vinavyolingana? Viwili. Umetafuta visivyolingana? Kimya. Hili nililitolea mfano baadaye darasani, kisa cha Madrid 2004. Mabomu yalilipuka kwenye treni, polisi wa Hispania wakapata alama kwenye mfuko wenye vifaa vya kulipulia, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikasema ni ya wakili mmoja wa Oregon anayeitwa Brandon Mayfield, wataalamu wake wakakubaliana, mtu akashikwa kama wiki mbili. Wahispania wao walikuwa wanasema hailingani, na mwisho wakampata mwenye alama, raia wa Algeria. FBI ikaomba radhi. Yaani wataalamu wazima, wenye mashine, waliona kufanana wakaacha kutafuta tofauti. Nilitaka binti yangu ajue kwamba kosa lake lina wenzake wakubwa, na kwamba linarekebishika: tafuta kwanza kinachokataa.

Halafu likaja swali jepesi kuliko yote, ambalo upande wa mashtaka hawakujiandaa nalo kabisa. Mshtakiwa ni mwanachama wa kikoba? Ndiyo. Jumamosi pesa zinahesabiwa na nani? Na wanachama. Alama ya kidole inaonyesha siku iliyowekwa? Haionyeshi.

Wino nitaupitia haraka kwa sababu ulipita haraka. Kalamu tatu nyeusi, kipande cha kile kikaratasi, spiriti, karatasi ya chujio. Wino wa kalamu ya bolipeni hauyeyuki kwenye maji, ndo maana ya spiriti. Kalamu ya fundi rangi ilitoka na rangi zake tofauti kabisa, ya mshtakiwa na ya mwalimu mstaafu zikatoka sawasawa, zambarau juu bluu chini. Mtaalamu akasema neno zuri: "wino wa kikaratasi hautofautiani na wa kalamu hizi mbili." Sikumfundisha hilo neno. Zile kalamu zilikuwa za kampuni moja, zinauzwa kila duka, na yeye alijua hivyo kwa sababu ndo anayoandikia.

Sasa unga. Hapa nitakaa.

Kwa mpango wangu, vumbi la kwenye mfuniko lilikuwa unga wa ngano kweli, niliupaka mwenyewe Jumapili jioni. Mwanafunzi aliyekuwa mpelelezi aliukwangua Jumatatu kwa brashi akautia kwenye bahasha ya kaki, akaandika tarehe, saa na jina lake kwenye rejista ya vielelezo. Kila anayeipokea bahasha anatakiwa asaini. Mtaalamu wa maabara aliipokea Jumatano, akapima, akaandika ripoti: sampuli imegeuka bluu-nyeusi, ni wanga, ni unga wa maandazi. Yule kijana ni mzuri sana kwenye kemia na anajiamini, na ripoti yake ilikuwa safi, ameipigia mstari kwa rula.

Alianza kuisoma hapo hapo. Utetezi wakapinga: hati haisomwi mpaka ipokelewe kwanza kuwa kielelezo. Ni kweli, mahakama zetu ndivyo zinavyokwenda, hati inaombwa ipokelewe, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, ikipokelewa ndipo inasomwa kwa sauti. Hakimu akakubali pingamizi, ripoti ikarudi mezani, ikapokelewa kwa utaratibu, kielelezo P3, akaisoma. Akaambiwa aonyeshe sampuli iliyobaki. Akatoa mfukoni mwa shati kikaratasi cha daftari kilichokunjwa mara nne, akakikunjua mezani, na katikati kulikuwa na unga kidogo na doa la bluu-nyeusi kama sarafu ya shilingi mia.

Wakili wa utetezi aliyesimama kumdodosa ni binti ambaye nyumbani kwao wanatengeneza vile vifuko vya karatasi vya kutilia karanga. Mama yake anakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, ndo gundi yao, wanapaka pembeni ya karatasi wanabandika. Amekua na hiyo kazi. Na yeye alikuja amejiandaa kuuliza kuhusu bahasha: imegandishwa kwa gundi ya nini, na hiyo gundi haina wanga? Swali zuri sana hilo tayari. Lakini alipoona kikaratasi akasimama kidogo, akachukua rejista, akasoma.

"Shahidi, hapa imeandikwa bahasha ya kaki. Wewe umefungua daftari."

Ikabidi aeleze. Jumanne mvua ilinyesha, bahasha ya mpelelezi ililowa kwenye begi ikachanika, wakahamishia unga kwenye ukurasa wa daftari ili usipotee. Nani alihamisha? Mpelelezi. Ulikuwepo? Hapana. Imeandikwa wapi? Haijaandikwa. Kwa nia njema kabisa, hakuna aliyetaka kudanganya. Lakini kwa siku nzima kile kielelezo hakina mtu anayekisemea kwenye maandishi.

Walimu wa uraia watalijua jambo hili kwa jina la mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mahakama yetu ya Rufani ililieleza kwenye Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, ile mawakili wanayoiita kesi ya Paulo Maduka: kuwe na maandishi yanayofuatana kwa wakati, kielelezo kilikamatwa vipi, kikatunzwa na nani, kikahama kwenda kwa nani, kikapimwa, mpaka mwisho wake. Baadaye mahakama ililegeza kidogo, kwamba kwa vitu visivyobadilika kirahisi, maelezo ya mdomo ya walioshika yanaweza kutosha. Unga lakini sio kitu kisichobadilika kirahisi. Unga unamwagika, unachanganyika, unakula unyevu.

Ningedhani ataishia hapo. Akaendelea.

"Ulitia aidini wapi?"

"Kwenye unga."

"Unga ulikuwa juu ya nini?"

"Juu ya karatasi."

"Ulipima karatasi peke yake, pasipo unga?"

Yule kijana aliangalia ile karatasi muda mrefu. Mi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na dirisha na nakwambia moyo ulinidunda, kwa sababu pale pale nilijua jibu, na nilijua kwamba hata mimi nilipoipitia ripoti yake Jumatano sikuliona. Karatasi nyingi za kuandikia kiwandani zinapakwa wanga ili wino usisambae. Tena ile kalamu ya kukagua noti bandia inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: ndani yake kuna aidini, karatasi ya kawaida ina wanga inageuka nyeusi, noti halali haina inabaki ilivyo. Nimefundisha kipimo cha wanga miaka mingi na kila mwaka nawaambia tumieni kigae cheupe, na sikuwahi kuwaambia kwa nini.

Utetezi wakaomba kipimo kifanyike. Mashtaka wakapinga, huu ni ushahidi mpya na wakili sio shahidi. Pingamizi lilikuwa na haki yake, kwenye mahakama ya kweli wakili hawezi kuchukua chupa akaanza kudondosha dawa. Hakimu akafikiri akasema shahidi mwenyewe atafanya kwa mkono wake, kwa sababu yeye ndo mtaalamu. Kijana akachana pembe ya karatasi, mbali na unga. Akachovya dropa. Tone likatua la kahawia kama chai ya rangi, likatanuka, na kabla hata hajarudisha dropa kwenye chupa likawa bluu-nyeusi.

Kwa kelele zilizotoka humo mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni kuuliza kuna nini.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea kisayansi, maana nimesikia watu wakisimulia kwamba eti utetezi walithibitisha haukuwa unga. Hapana. Ulikuwa unga, niliuweka mimi. Kilichothibitishwa ni kwamba kipimo kile, kilivyofanywa vile, kingetoa jibu lile lile hata kama vumbi lingekuwa chaki, au kusingekuwa na vumbi kabisa. Kontroo, yaani kipimo cha kulinganishia kisicho na unga, haikuwepo, na pasipo kontroo rangi haikwambii kitu. Na hata kama angetumia kigae, kipimo cha aidini kinasema wanga, hakisemi ngano, hakisemi muhogo wala sembe, na hakika hakisemi jiko la nani. Kutoka "kuna wanga" mpaka "ni unga wa maandazi ya mshtakiwa" kuna safari ndefu na yule kijana aliiruka yote kwa sentensi moja. Nilimsaidia kuiruka, kwa sababu ile hadithi niliitunga mimi na nilishajua mwisho wake.

Wiki iliyofuata niliwasimulia kisa cha Ujerumani ambacho kinafanana na chetu mpaka inashangaza. Polisi mwanamke aliuawa mji wa Heilbronn mwaka 2007, vinasaba vya mwanamke asiyejulikana vikapatikana, na vinasaba hivyo hivyo vilionekana kwa jumla sehemu kama 40 za uhalifu, Ujerumani, Austria, Ufaransa, kwenye mauaji na kwenye wizi mdogo mdogo. Wakamtafuta miaka, zawadi ikafika euro 300,000. Mwaka 2009 ikagundulika hakuna mwanamke huyo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Yaani kila walipofika walimkuta, kwa sababu walikuwa wanakuja naye. Darasa lilinyamaza, halafu mmoja akasema polepole, "kama karatasi." Kama karatasi.

Turudi mahakamani. Mashtaka walifunga ushahidi wao, utetezi wakaomba itamkwe mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Hakimu akakataa, akasema alama ya kidole bado ipo na inahitaji maelezo. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu darasa zima lilikuwa limeshahamia upande wa pili na ingekuwa rahisi kwenda nalo. Mama maandazi akapanda, akasema Jumamosi alihesabu pesa kama wengine na chupa aliishika, basi. Muda ukaisha. Hakimu akasema hukumu Jumatatu kwa sababu anataka kuiandika, na aliiandika kweli, kurasa mbili, akaisoma amesimama. Alisema P1 inamweka mshtakiwa kwenye chupa lakini sio kwenye siku, wino unawabana watu wawili wala sio mmoja, na P3 haipewi uzito wowote kwa sababu shahidi alipima karatasi. Kwa hiyo upande wa mashtaka haujathibitisha pasipo kuacha shaka. Akaachiwa huru.

Vikaratasi vya wananchi nilivisoma nyumbani usiku. Vya kwanza karibu wote waliandika ana hatia, na sababu iliyojirudia kuliko zote ni "kwa sababu ana unga". Kabla ya ushahidi wowote. Vya tatu wengi waliandika hana hatia, lakini nikiangalia sababu, wapo wengi tu walioandika "kwa sababu karatasi imegeuka", yaani walirukia rangi ile ile kwa upande mwingine. Waliofika mahali pa kuandika "kipimo hakikutuambia kitu" hawakufika kumi. Hilo ndo kazi yangu ya muhula huu.

Kuna jambo moja liliniuma. Kijana aliyeigiza mama maandazi, siku ya pili bombani wenzake wakamwita mwizi. Mara moja, mara mbili, kwa kucheka. Aliachiwa huru na hakimu mbele ya wote na bado jina likabaki. Nilikaa na darasa zima tukalizungumza, sikupiga mtu, nikawauliza tu nani ameonyesha kwamba alichukua. Kesi inayofuata mshtakiwa atavaa khanga begani, na hukumu ikisomwa ataivua mbele ya watu wote na kutaja jina lake halisi na kurudi kwenye dawati lake. Pia kadi za alama za vidole, zote, tulizichoma shimoni wanafunzi wenyewe wakishuhudia, maana alama ya kidole cha mtoto sio kitu cha kuachwa kwenye droo ya maabara.

Mambo ya kubadilisha mengine ni ya kawaida. Siku mbili badala ya moja. Rejista ya vielelezo wafundishwe mapema na wapewe mfuko wa nailoni juu ya bahasha kama ni masika. Mtaalamu asionyeshwe maelezo ya kesi kabla ya kupima, apewe sampuli tatu zenye namba tu, moja iwe tupu. Hilo la mwisho ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha moja tu.

Wanafunzi walinibana sana baada ya hukumu. Madam, kwani kesi si umeitunga wewe, alichukua au hakuchukua? Nikawaambia sikuandika. Niliandika chupa, kikaratasi, unga na kidole, aliyechukua sikumwandika. Wakakasirika kweli, kiongozi wa mashtaka akasema tumehangaika wiki tatu bure. Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile.

Ijumaa baada ya vipindi yule mtaalamu wa maabara alikuja. Ana bahasha mpya ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani yake vipande vitano vya karatasi: daftari, fotokopi, gazeti, kifuko cha karanga alichoombewa na yule wakili kwa mama yake, na karatasi ya chujio. Kila kimoja kina namba, tarehe, na saini yake pembeni. Akaniomba aidini. Ya daftari ikageuka, ya fotokopi ikageuka, kifuko cha karanga kikageuka pembeni tu kwenye mshono, gazeti likawa na rangi ambayo tulibishana nayo, na ya chujio ikabaki kahawia. Akaandika "tunabishana" kwenye safu ya gazeti, akaniambia nisaini na mimi.